Kiti Kimoja Wazi

Barua ya Mwalimu Vicent ilikuwa fupi, na ufupi wake haukumtuliza Tupokigwe. "Lugano haoni vizuri ubaoni, naye anaficha. Tangu Jumatatu hacheki na wenzake. Naomba tuonane, mzazi."

Mwanamume huyu amekijuaje kicheko cha binti yangu?

Katika shule ya mjini, yenye wanafunzi elfu moja na mia nne, Lugano aliwahi kulala na malaria wiki tatu, na ripoti ikaja imeandikwa: mahudhurio mazuri. Tupokigwe alikasirika, lakini shule ile aliielewa. Hii ya Masukulu, yenye wanafunzi tisini tu, hakuielewa. Mwalimu anayemtazama msichana kiasi hicho ana jambo lake.

Jumatano alimzuia bintiye nyumbani bila kutoa taarifa.

"Mama, leo tuna jaribio la fizikia."

"Kaa ndani."

Akaenda migombani, akajifanya anakata majani makavu, macho yake yakiwa njiani. Vicent akija peke yake, Lugano atarudi shule ya mjini wiki hiyo hiyo.

Saa nne walikuja watu wanne: Mwalimu Generosa, ambaye ndiye mkuu wa shule, na wasichana watatu wa kidato cha pili, mmoja ameshika karatasi ya jaribio.

"Ndaga, mama Lugano," Generosa alisalimia, kwa Kinyakyusa chake cha mgeni. "Mgonjwa anaendeleaje?"

"Nani kawaambia kuna mgonjwa?"

"Hakuna. Kiti chake kiko wazi."

"Kiti kimoja tu?"

"Darasani kwao mna viti ishirini na viwili, mama. Kimoja kinaonekana."

"Na huyo Vicent?"

"Mwalimu wa kiume haendi nyumbani kwa msichana. Ni utaratibu wetu. Habari za kicheko walimwambia hawa, yeye akaandika."

Lugano alitoka jikoni, amevaa sare, mzima kabisa.

"Kumbe ni homa ya fizikia," alisema mmoja wa wasichana, akimkabidhi karatasi.

Tupokigwe hakucheka. "Nilimzuia mimi. Na kesho nitakuja kukaa nyuma ya darasa, nimwone huyo Vicent akifundisha."

"Karibu. Tutaongeza kiti."

Alitaka kuuliza jingine, ila macho yake yalimwangukia bintiye. Lugano alikuwa akisoma maswali, karatasi karibu iguse pua. Tangu lini anasoma hivyo? Tupokigwe hakujua.

"Chukua daftari," alimwambia. "Nenda nao."