Kiswahili cha Hanemi

Mimi Agnès nasuka nywele hapa Berea, na mwanangu Victoire, aliyezaliwa hapahapa Johannesburg, anasikia Kiswahili vizuri ila hakisemi hata umfinye. Mama yangu yuko Uvira, kwetu Kongo, mgonjwa kitandani, na kila tukimpigia simu anaomba kitu kimoja tu: mjukuu wake amsemeshe. Victoire anasema "hi, koko," ndivyo anavyomwita bibi yake, kisha ananirudishia simu kama imemuunguza. Roho inaniuma, jamani.

Lakini Kijapani? Ee, hicho anacho! Kuna mwimbaji anaitwa Hanemi. Alianza kwa kuimba mbele ya duka la samaki la wazazi wake, akapanda mpaka sura yake ikabandikwa kwenye treni, halafu wakatokea wasichana wadogo zaidi na huko kwao wakaanza kumsahau. Ndipo akakumbuka kwamba anaipenda sana Afrika. Victoire anazijua nyimbo zake zote, tena anaziimba amefumba macho.

Hanemi alipokuja kuimba Sandton, kule kwa matajiri, ilibidi nimsindikize mtoto, na rasta za rangi ya waridi nimemsuka mwenyewe. Ukumbi ulikuwa nusu mtupu. Hanemi akatoka, akainama, akashika maiki.

"Hamjambo, ndugu zangu! Nimefurahi kufika kwenu. Mmekula?"

Kiswahili! Tena kisafi, cha redioni. Maskini, sijui nani alimdanganya kwamba Afrika nzima tunaongea hicho. Watoto wa Sandton wakadhani ni Kijapani, wakapiga makelele ya furaha. Mimi nikajikuta nimesimama: "Hatujambo, mama! Bado hatujala!"

Akanitafuta kwa macho, akaniona, akaziba mdomo kwa mikono miwili, karibu alie. Onyesho zima akawa ananiimbia mimi. Na Victoire akanishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hajalifanya tangu aanze shule.

Basi nyumbani ikawa mazoezi. Anatazama video ya Hanemi akitusalimu, anarudia, anatazama tena. Nikimsahihisha, ananijibu kwa Kiingereza kwamba Hanemi hasemi hivyo. Eish! Mimi niliyekua na lugha hiyo mdomoni! Nikameza hasira, nikaendelea kupika.

Jumapili baada ya misa tukapiga Uvira. Victoire akaichukua simu mwenyewe, akaweka spika, akainama kidogo, akasema kwa sauti ileile ya Hanemi: "Hamjambo, ndugu zangu! Nimefurahi kufika kwenu. Mmekula?"

Kisha nikamsikia mama analia.

"Nimekula, mwanangu. Leo ndiyo nimekula." Akavuta makamasi. "Agnès! Nani amemfundisha?"

Nilifurahi mpaka nikapoteza aibu. "Nani mwingine, mama? Ni mimi!"

Victoire akanikazia macho, akaisogeza simu mdomoni, akatafuta maneno polepole, moja baada ya jingine.

"Hapana, koko. Mama anadanganya."

Sentensi yake ya kwanza ya kujitungia. Na haikuwa na kosa hata moja.