Kikohozi cha Profesa Kazadi

Katika karatasi kumi na moja za mtihani, Profesa Kazadi alikohoa mara kumi na moja, na kila mara mahali pale pale. "Mtoto hujifunza kwanza kwa mikono," waliandika watahiniwa wa kituo cha Kamina, "hapa profesa anakohoa, kisha hujifunza kwa macho." Miandiko ilikuwa mbalimbali. Mmoja alitumia wino wa kijani, maana ndio pekee uliosazwa na vita. Mwingine alitumia penseli. Lakini kikohozi kilikuwa kimoja, kikavu, cha mtu mwenye cheo.

Jopo la chuo huko Lubumbashi halikucheka, na mwenye kikohozi alicheka kidogo kuliko wote. Hakukumbuka kukohoa. Nani huketi kusikiliza kaseti aliyoirekodi mwenyewe? Masharti yalisema kila mwanafunzi asikilize kwa masikio yake na aandike kwa mkono wake. Hapa ilikuwa wazi kwamba mmoja alisikiliza na kumi wakanakili, wakanakili hadi mafua. Watu wazima hao, walimu wa shule, wengine wameshaitwa babu na bibi. Shauri likawa tayari: matokeo ya mwaka yafutwe, kituo kifungwe. Kikao cha kutia saini kingefanyika Ijumaa saa kumi alasiri, na ili isije ikasemwa kwamba watu wamehukumiwa bila kusikilizwa, msaidizi wa profesa, Jeannine Nkongolo, akatumwa Kamina.

Jeannine alikuwa akiandaa tasnifu kuhusu masomo mseto, yaani yale ambayo mtu mzima hupata nusu yake kwa kaseti na vijitabu akiwa kwake, na nusu ana kwa ana na mwalimu. Alikuwa na hojaji ya maswali arobaini. Sura ya hitimisho alikuwa ameshaiandika. Kilichobaki ni wahojiwa kukubaliana nayo.

Alifika Jumatano baada ya siku tatu juu ya magunia ya mahindi, katika treni ambayo wanajeshi walikuwa wamechukua mabehewa yake yote mazuri. Ulikuwa mwaka 1999. Vita vilikuwa upande wa Kabalo, na Kamina ilikuwa mgongo wake: kila kilichokwenda mbele na kila kilichorudi kikichechemea kilipita pale. Viatu vya Jeannine vya visigino vilikuwa vya Lubumbashi, na mchanga wa Kamina haukuvionea huruma.

Alhamisi asubuhi alimkuta Débora, mwalimu wa darasa la tatu katika shule ya Wamethodisti, amekaa barazani, betri nne amezianika juani kama dagaa. Débora ndiye aliyekuwa msemaji wa wanafunzi wa kituo. Alikuwa na miaka hamsini na miwili na macho ya mtu anayejua utani kabla hujausema.

"Wafwako, mama," alimshukuru kwa Kiluba kwa kufika, akampa kiti kizuri, yeye akakalia kinu.

Jeannine akafungua hojaji. "Swali la nne. Unasikiliza kaseti mara ngapi kwa wiki? Mara moja, mara mbili, au zaidi?"

"Minyi," akajibu, yaani mimi, "nasikiliza mara moja. Betri njo hizi, unaziona, ziko na uchovu kunipita. Masengo, mwenzetu wa Kaniama, hajaiona ile kaseti hata siku moja, na anaijua kuliko minyi."

"Hajaiona, na anaijua?"

"Andika 'zaidi'."

"Mama Débora, hili si jambo la mchezo. Kesho saa kumi wanafuta mwaka wenu wote."

Débora aliacha kugeuza betri. Kwa muda alikuwa mwanamke mwingine, mwanamke aliyekuwa amesahihisha madaftari ya watoto sitini kisha akasoma yake, miaka miwili mfululizo, kwa cheo ambacho pengine angekipata mwaka wa kustaafu. "Banafikiri tuliiba," alisema.

"Wanafikiri hivyo."

"Na weye?"

Jeannine aliitazama hojaji. Kwa swali hilo haikuwa na kisanduku.

"Saa nane ya mchana ukuje ku gare," Débora akasema, akimaanisha stesheni. "Na viatu hivi uviache hapa. Vinasema sana, na kule tunasikiliza."

*

Ofisi ya stesheni ilikuwa na dirisha moja, meza moja, na mzee mmoja mwenye kofia ya kazi iliyofuliwa hadi kusahau rangi yake. Zébédée alikuwa wakala wa stesheni. Ukutani, karibu na simu ya kukoroga kwa mkono, kulikuwa na karatasi yenye muhuri wa jeshi: waya huu ni wa treni na wa jeshi tu, atakayepitisha maneno mengine atahesabiwa kuwa mpelelezi wa adui. Zébédée alikuwa ameibandika yeye mwenyewe, kwa unyoofu, kwa pini nne.

Jeannine, miguu mitupu juu ya saruji, aliisoma mara mbili.

"Kaa, mama," Zébédée alimwambia. "Saa nane mpaka tisa hakuna treni, na kapiteni wa jeshi anakula. Anakula polepole, Mungu amubariki."

Débora akaweka radiokaseti mezani, akabonyeza. Sauti ya Profesa Kazadi ikatoka, nzito na ya kuburuta kwa uchovu wa betri, kama mtu anayefundisha akiwa ndani ya mtungi. Hapo mwanzo walikuwa wamejaribu kukisogeza chombo kwenye simu. Upande wa pili, walivyoelezwa, kilisikika kama maharage yanayochemka. Ndipo Zébédée alipoamua kuwa mdomo. Alisikiliza sentensi, akasimamisha mkanda, akaikoroga simu.

"Kaniama, Kabondo-Dianda, Luena. Kamina hapa. Andika. Kumbukumbu ya mtu mzima. Nukta. Haifanani na ghala. Nukta. Inafanana na njia. Nukta. Hapa profesa anakunywa maji."

Akategea sikio. Na kutoka ndani ya waya, kutoka mwendo wa siku nzima wa treni, ikarudi sauti ya mwanamke, nyembamba kama uzi wa kushonea: "Kaniama hapa. Kumbukumbu ya mtu mzima, nukta, haifanani na ghala, nukta, inafanana na njia, nukta, hapa profesa anakunywa maji. Nimepata." Kisha Kabondo-Dianda, kisha Luena. Kila stesheni ilirudia neno kwa neno, na Zébédée, macho amefumba, aliitikia kila moja, "Sawa," kama anayekagua nati za reli kwa kuzigonga.

Hiyo ndiyo sheria ya reli. Ujumbe hauongezwi, haupunguzwi, na haupokelewi mpaka urudiwe, maana neno moja likidondoka njiani treni mbili zinaweza kukutana mahali pasipofaa. Zébédée hakuwa amejua, na nani angemwambia, kwamba katika somo kuna maneno na kuna mapumziko ya maneno. Kwake profesa alikuwa ujumbe. Profesa akikohoa, kikohozi kimetumwa, na kilichotumwa hufika.

Jeannine alisahau kuandika. Katika sura yake ya hitimisho kulikuwa na aya kuhusu upungufu wa vifaa na utegemezi wa wanafunzi wazee, aya nzuri, ya mistari kumi. Sasa aliwaona, ingawa hakuwaona: walimu wanne Kaniama wamebanana kwenye kipokea sauti kimoja, wawili Kabondo-Dianda waliotembea tangu alfajiri kwa kuwa njia yao haipitiki hata kwa baiskeli, wengine Luena, wote wakirudia kwa sauti, wakingoja "sawa" ya mzee asiyeonekana. Kila mmoja alikuwa amesikia, amesema, na amesahihishwa kabla ya kuandika. Chuoni wanafunzi wake walikuwa wakisinzia mbele ya profesa mzima mwenye mikono na miguu. Kikampata kile kinachompata mtu akiingia kanisani akidhani ni ghala, na akatamani kuwa na viatu ili avivue.

"Leo kuko mama wa chuo hapa," Zébédée alisema kwenye simu mkanda ulipokwisha. "Kama kuko swali, lete."

Kwa miaka miwili kaseti ilikuwa imesema nao, na haikuwa imewahi kuwauliza kama wameelewa. Kisha ile sauti nyembamba ikarudi.

"Masengo, Kaniama. Niko na mutoto mu darasa, alikimbia vita kutoka kule Kabalo. Hasemi. Hashiki kitu, haangalii ubao. Profesa anasema mikono, kisha macho. Huyu hana vyote viwili. Tunaanzia wapi?"

Zébédée akageuka kumtazama Jeannine. Débora naye. Jeannine alitafuta katika vitabu vyote alivyowahi kuvipigia mstari.

"Sijui," alisema mwishowe.

"Mama wa chuo anasema: sijui. Nukta."

"Sijui, nukta," Kaniama ikarudia, na zile stesheni nyingine mbili zikafuata kwa zamu, na bila shaka kalamu zikaliandika. "Nimepata."

"Mwulize yeye amefanya nini," Jeannine akasema haraka.

Jibu likaja kidogo kidogo. Masengo alikuwa amemketisha mtoto karibu na mlango, mahali upepo unapopita. Hakumwuliza kitu. Wiki ya tatu wenzake walipoimba hesabu, mguu wake ulipiga mdundo. Sasa darasa zima linahesabu kwa miguu, na mwalimu mkuu amelalamika juu ya vumbi.

Jeannine akageuza hojaji, akaandika hayo upande wa nyuma, palipokuwa peupe.

*

Treni ya kwenda kusini isingekuwepo kabla ya Jumapili. Ripoti ingefika kwa waya au isingefika. Usiku huo Jeannine aliiandika, na Ijumaa mchana, kapiteni alipokwenda mezani, akaiweka mbele ya Zébédée. Alikuwa ameeleza yote: kaseti moja, sauti moja, masikio kumi na moja, kila kikohozi na asili yake. Mahali pa jina la aliyeyapitisha masomo kwenye waya alikuwa ameandika: "mtu mmoja wa Kamina."

Zébédée aliisoma akifuatisha kwa kidole. Alipofika hapo kidole kikasimama.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, baba. Lakini sikutaka..." Alitazama ile karatasi yenye pini nne.

"Ujumbe bila jina hakuna stesheni itapokea. Minyi mwenyewe singepokea. Na bale bakubwa ba chuo batasema ni hadithi tu, umetunga." Akachukua kalamu. "Mtu mmoja wa Kamina hana masikio. Hawezi kuitwa akaulizwa."

"Wakikuita wale wa jeshi je?"

"Basi nitawaambia mambo ya kumbukumbu ya mtu mzima," alisema, na kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Watalala."

Débora, aliyekuwa mlangoni akichunga njia ya kapiteni, hakucheka. "Zébédée," alisema, "weye hata hukujiandikisha. Cheti hakitakuwa chako."

"Najua."

"Sasa unafanya hivi juu ya nini?"

Alifikiri, kwa adabu, kama mtu aliyeulizwa saa na kukuta saa yake imesimama. "Niliacha shule mu darasa la sita," alisema. "Sikujua kama kuko mambo namna hii." Akakoroga simu.

Ripoti ikaanza kwenda. Kabondo-Dianda ikaipokea, ikairudia, ikaipeleka Luena; Luena ikaipokea, nayo ingeisukuma mbele zaidi, stesheni kwa stesheni, mpaka mtu wa Lubumbashi atoke na karatasi mkononi kwenda chuoni. Jeannine aliyasikia maneno yake mwenyewe yakirudi, kila mara yakiwa mbali zaidi, na hayakufanana tena na maneno yake. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro dakika kumi.

Walipofika kwenye jina, Luena haikulirudia. Kule alikuwepo Timothée, aliyeanza kazi mwaka mmoja na Zébédée, wote wawili wakashonewa kofia na fundi mmoja.

"Kamina," sauti ya Timothée ilisema, "laini iko na kelele. Jina sikusikia. Naweza kuruka hapo, niendelee na nyingine."

Hapakuwa na kelele yoyote. Waya ulikuwa safi kama maji ya kisima, na watatu wale waliokuwa ofisini walilijua hilo. Débora alifumba macho. Jeannine alinyoosha mkono kuelekea kwenye simu, kisha mkono ukabaki hewani, haujui kazi yake.

Zébédée alivua kofia, akaiweka juu ya meza.

"Luena," alisema bila haraka, "andika. Ze. E. Be. E." Akaenda hivyo herufi kwa herufi hadi mwisho. "Wakala wa stesheni, Kamina. Rudia."

Luena ikalirudia, herufi kwa herufi, kwa sauti ya mtu anayebeba kitu cha kuvunjika, na Zébédée akasema, "Sawa."

Baada ya kitambo, kwa kuwa waya ulikuwa safi hivyo, wakalisikia jina likitoka Luena kwenda stesheni iliyofuata, likarudiwa huko, dogo zaidi; kisha nyingine, dogo zaidi ya hilo, mpaka Jeannine hakuweza tena kujua kama analisikia au ni waya tu, unaovuma juani kuelekea kusini.