Vizibo Hamsini na Nne

Jumatatu asubuhi mume wangu Uweso alirudi nyumbani kwa miguu. Alikuwa anaisukuma pikipiki, na boflo zangu zote arobaini, mikate ya kuuza, zilikuwa bado ndani ya matenga. Alisema injini inanguruma vizuri tu, ila gurudumu la nyuma halifuati. Kilima cha kwanza tu ikapiga kelele na kusimama palepale.

"Ni klachi," nikamwambia.

"Wewe umejuaje?"

Nilijua kwa sababu nilitazama. Fundi Asheri alikuwa akiifungua pikipiki ile uani kwetu, hapahapa mtaani Usagara, na mimi nikikanda unga wangu pembeni. Mara tatu aliifungua klachi, na mara zote tatu sikuondoa macho kwenye mikono yake. Sasa Asheri alikuwa amevuka mpaka wa Horohoro, amepata kazi Mombasa, na sisi tumebaki na pikipiki.

Jumanne dereva wa lori alituletea salamu za Rafaeli, mwenye duka kwenye kambi ya mkonge upande wa Muheza. Alisema mkate usipofika Jumamosi, kabla manamba, wale vibarua wa mkonge, hawajapokea mshahara, nafasi yetu atampa yule muuza mkate wa baiskeli. Dereva aliisema akicheka, lakini mimi sikucheka. Tanuri lile nililijenga kwa mikono yangu. Watu wa mtaani hununua boflo kumi, siku nzuri kumi na mbili. Nikiikosa kambi, tanuri litabaki la kuanikia dagaa.

Uweso akaenda mjini kwenye duka la vipuri. Alirudi amekunja uso.

"Mabamba mapya ya klachi shilingi sitini na tano, na mpaka yaagizwe. Wiki tatu."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi nitapanda punda."

Hapo nikachukua spana. Nilitandaza sinia kubwa chini, nikafungua kifuniko, na kila nilichokitoa nikakipanga kwa zamu yake, cha kwanza kushoto, cha mwisho kulia, ili nikirudisha nianzie kulia. Mama mkwe wangu, Bi Mwanamkasi, akatoka jikoni.

"Sinia langu la maulidi hilo!"

"Nitalisugua kwa majivu, Mama."

"Sinia utalisugua kwa majivu. Na roho yangu utaisugua kwa nini?"

Mabamba yalikuwa matatu. Kila moja lilikuwa na matundu kumi na nane, na kila tundu lilikuwa na kizibo cha kitu chepesi, cheusi kwa oili. Vizibo vile ndivyo vinavyotakiwa kujitokeza kidogo pande zote mbili, vibane chuma na kulivuta gurudumu. Vyetu vilikuwa vimelika vyote, viko sawasawa na bamba. Chuma kilikuwa kinateleza juu ya chuma.

Kwa hiyo bamba lenyewe lilikuwa zima. Tulihitaji vizibo tu, hamsini na nne.

Nikafikiri maboya ya nyavu. Boya ni mti mwepesi, ukilibonyeza kwa ukucha linaingia. Jumatano nilichonga kutwa nzima, nikajaza matundu yote. Alhamisi asubuhi pikipiki iliwaka na Uweso akaketi kwa furaha. Alipotia gia, hata kabla hajaachia klachi, ikaruka naye kama mbuzi, ikapita kwenye ua wa makuti wa jirani yetu Asmahani na kusimama kwenye banda lake la kuku.

"Mwamvua!" Asmahani alipiga kelele. "Mumeo kaja kuposa au kaja kuiba kuku?"

Tulipofungua tena nikaona kosa langu. Mti ulikunywa oili usiku kucha ukavimba, mabamba yakashikana, yasiachane hata ukivuta klachi mpaka mkono ukatike. Uweso alikuwa na mchubuko wa goti.

"Basi tena," akasema. "Mwambie Rafaeli ampe wa baiskeli."

"Mwambie wewe. Mimi sijamaliza."

Niliingia ndani nimchukulie mafuta ya nazi ajipake goti. Nikaizibua chupa. Nikasimama na kizibo mkononi. Chepesi, laini, nikikibonyeza kinarudi, na miaka yote kimekaa kwenye mafuta bila kuvimba. Nikatoka nacho, nikakilinganisha na kimoja cha zamani kwenye sinia. Kitu kilekile.

Nyumbani tulikuwa navyo vinne. Nikapita mtaani nyumba hadi nyumba, kwenye chupa za mafuta ya taa, za asali, za siki. Asmahani alinipa viwili, japo banda lake lilikuwa bado limelala chini.

"Siku hizi shoga yangu anaoka pikipiki," akasema.

Mpaka alasiri nilikuwa na kumi na tatu. Nikaenda kwa dada Praxeda, anayefua nguo nyumbani kwa Mgiriki mmoja. Nilimkuta anapiga pasi.

"Vizibo?" Akavuta debe chini ya kitanda. "Wanakunywa kila jioni hawa. Mimi vya kutupa naviona huruma. Chukua, lakini Krismasi uniokee mkate wa zabibu."

"Na Pasaka nitakuokea."

Nilihesabu vyote pamoja hamsini na tisa, vingine vina madoa mekundu ya mvinyo. Njiani nilitaka kumwambia Uweso kuwa vyote ni vya chupa za siki. Nikaona nikianza kumficha mtu kitu kilicho chini ya makalio yake, sitapata usingizi. Nikamwambia.

Akaruka nyuma. "Vya mvinyo? Nibebe mkate wa watu juu ya mvinyo?"

"Nitavichemsha."

"Hata ukivichemsha mpaka Idi!"

Akavaa kofia, akaenda kumuuliza Maalim Jumbe. Mimi sikungoja. Niliteleka chungu kibovu uani, maana chungu kizima Mama mkwe alikikumbatia kwa mikono yote miwili. Kuchemsha kwenyewe kulikuwa na faida mbili, kwani kizibo kikichemka kinalainika na kuingia kwenye tundu. Nilimwaga maji mekundu, nikatia mengine, nikamwaga tena mpaka yakatoka meupe. Uweso akarudi.

"Maalim kasemaje?"

"Kaniuliza kama nakusudia kuila pikipiki."

"Ukamjibu?"

"Nikamwambia la."

"Basi?"

"Basi kaniambia nimwache asomeshe watoto." Akakaa, akachukua wembe. "Nikate urefu gani?"

Ijumaa nzima tulifanya kazi hiyo, ukitoa muda wa sala. Yeye alikata, mimi nilisukuma kwa dole gumba na kugonga kwa mchi. Kisha nikavisugua kwa msasa, bamba limelala juu ya kipande cha kioo. Hapo ndipo penye kazi. Kimoja kikizidi wenzake, hicho peke yake ndicho kitakachobana, na kitaungua. Nilitazama kwa jicho moja usawa wa kioo, kama ninavyotazama mkate ukiumuka, nikasugua, nikatazama, nikasugua. Bi Mwanamkasi aliniletea uji, na jioni akauliza, "Vimebaki vingapi?"

Jumamosi alfajiri niliifunga spana kwenye ncha ya kanga, nikavaa buibui, nikapanda nyuma kati ya matenga.

"Unakwenda wapi?" Uweso akauliza.

"Ninakokwenda klachi."

Ilikwenda vizuri mpaka kilima kilekile. Katikati nikasikia injini inapanda sauti na sisi hatupandi. Manamba waliokuwa wakipita na mapanga yao wakashangilia. "Mama, shuka usukume! Mumeo mzito!"

Nikashuka kweli, lakini sikusukuma. Vizibo vipya vilikuwa vimejikandamiza kwa joto, springi zimelegea. Nilifungua kifuniko, nikakaza nati za springi, moja nusu mzunguko, nyingine nusu mzunguko, zote sawa. Vidole viliungua. Uweso aliikinga oili kwa kibakuli cha chai, akairudisha.

"Taratibu," nikamwambia. "Usiipe moto. Iachie kidogo kidogo."

Akaachia kidogo kidogo. Gurudumu likashika. Kelele za manamba zikabaki nyuma, tukakipanda kilima mpaka juu.

Kambini, baiskeli ilikuwa imeegemezwa mlangoni kwa Rafaeli, na mwenye baiskeli amekaa kando ya tenga lake. Rafaeli akatoka akijifuta mikono.

"Shemeji, poleni. Mwenzenu kafika tangu saa kumi na mbili."

"Wewe ulisema tulete lini?" nikamuuliza. "Si ulisema kabla ya mshahara?"

"Nilisema."

"Dirisha la karani limefunguliwa?"

Akageuka kutazama ofisi. Foleni ilikuwa ndefu, na dirisha limefungwa.

"Bado."

"Basi pokea mkate wako."

Rafaeli akachukua boflo moja, akaibonyeza kwa dole gumba, ikarudi. Akaibonyeza na moja ya tenga la yule wa baiskeli, ikabaki na shimo. Akayainua matenga yetu yote mawili, akaingia nayo dukani.

Yule wa baiskeli aliitazama mikono yangu, nyeusi mpaka kwenye viwiko. "Dada, na baiskeli unatengeneza?"

"Natengeneza. Lakini leo usiniombe, tuna ugomvi."

Akacheka, akapanda baiskeli yake. Mimi nikachuchumaa kukagua nati kabla injini haijapoa, maana Jumatatu tunatakiwa tena.