Namba Kwenye Kona ya Kioo

Nimepaka magari rangi miaka arobaini na moja hapa Dudley, Uingereza, na cheti changu nilikipata katika masomo ya jioni, baada ya zamu, mikono ikinuka rangi. Kwa hiyo niliponunua gari kuukuu, Morris Minor ya mwaka 1968, mnadani, nilijua ninachofanya. Ilikuwa zawadi kwa Bryony, mjukuu wa marehemu ndugu yangu Noah. Alikuwa amefaulu mtihani wa udereva, na Jumapili angekuja kuichukua.

Silas Raybould alinisaidia. Tulisoma naye tangu utotoni. Alikuwa na uwanja wa vyuma chakavu mpaka magoti yalipomshinda.

Rangi ya juu ilikuwa nyekundu, imebanduka kama ngozi ya mgonjwa. Silas alitaka tupake mpya juu yake.

"Msichana anataka gari, Enoch. Hataki kitabu cha historia."

"Rangi mbovu haifunikwi kwa rangi nzuri."

"Ulifundishwa darasani hayo?"

"Ndiyo. Wewe ulikuwa baa."

Nikapiga msasa. Mbele, chini ya nyekundu, kulikuwa na nyeupe. Nyuma kulikuwa na kijivu chenye kijani kwa mbali. Mkono wangu ukasimama. Kijivu kile nilikichanganya mara moja tu maishani, kwa ajili ya gari la Noah, katika banda la makaa la mama yetu. Nikajiambia kwamba hata mafundi wengine wanaweza kuipata rangi hiyo, nikahamia kwenye vioo.

Kioo cha ubavuni, nyuma, kilikuwa na mikwaruzo kwenye kona ya chini, eneo la ukubwa wa kiberiti.

"Hiyo iache," Silas alisema. "Kucha za mbwa hizo."

"Mbwa gani anakwaruza kona moja tu?"

"Mbwa wa mji wa Tipton, bwana. Iache."

Nilikoroga unga mwekundu wa kung'arishia, nikafunga kitambaa cha sufu kwenye drili, nikawa nasugua huku nikinyunyiza maji ili kioo kisipate moto kikapasuka. Mikwaruzo ya juujuu huondoka, iliyozama hubaki. Baada ya nusu saa nilifuta kwa kitambaa. Iliyobaki ilikuwa imejipanga mstari mmoja: 417F.

Miaka ile sote tulichora namba za magari yetu kwenye vioo kwa kuogopa wezi. Hii, ya gari la Noah, niliichora mwenyewe, yeye akinishikia karatasi ya kuchorea herufi.

Nilikaa juu ya ndoo. Noah alifia ndani ya gari lile mwaka 1989, chini ya lori. Mabaki ya gari nilimkabidhi Silas ayaponde, ili mjane wa Noah asije kukutana na kipande cha gari lile barabarani.

"Uliniambia umeliponda," nikasema.

Silas alitazama viatu vyake. "Nusu ya mbele niliiponda."

Drili ilikuwa bado mkononi mwangu. Nikaiweka sakafuni.

"Nyuma ilikuwa nzima, Enoch. Haikuwa hata na mkunjo. Na uwanjani nilikuwa na Minor nyingine, imegongwa nyuma..."

"Ukaziunga."

"Nilichomelea vizuri, nakuapia. Sikujua kwamba ni hili, mpaka ulipofika kwenye kile kioo."

Nilifunua zulia, nikagonga kwa nyundo chini ya kiti cha dereva, pale palipoungwa. Puti, lile ganda la kuzibia mashimo, ilimomonyoka kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Kupitia sakafu ya gari niliona saruji ya banda langu.

"Bryony angekaa hapa," nikasema.

Nilimpa grenda, mashine ya kukatia chuma.

"Kata palepale ulipounga."

"Na Jumapili utampa nini?"

"Habari za gari hili. Na wewe utakuwepo."

Alipiga magoti yale mabovu, taratibu, mkono mmoja ukishika mlango. Niliingia nyumbani kuchemsha maji ya chai. Kwa mazoea nilitoa vikombe viwili. Grenda ilipoanza kulia, cha Silas nikakirudisha kabatini.