Mbunge Niliyemtuma Mwenyewe

Mjukuu wangu Fiona alipewa kazi shuleni: aeleze maisha ya mzee Bradley, mbunge wa Marekani enzi zile nchi ingali changa. Alinisomea jikoni nikichambua mboga. Bradley alikuwa mshona viatu. Majirani wakamtuma bungeni, akakaa miaka ishirini na saba, na kabla ya kila kura aliwaandikia barua kuwauliza wanataka nini. Alikufa viatu vyake mwenyewe vimetoboka.

"Hakuwageuka hata mara moja, Nyanya."

"Haya, kitendawili."

"Tega!"

"Nimemwazima mtu mdomo, nimebaki bubu."

Akafikiri, akacheka. "Mbunge!"

Kumbe habari zile zimemwingia. Akamshawishi baba yake, mwanangu Philip, tuwe na bunge hapa nyumbani kwao ughaibuni, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Philip spika, hapigi kura. Wapiga kura ni mimi, Fiona, na mama yake Roselyne, ambaye ni nesi.

Ijumaa ya tatu hoja ilikuwa mimi. Nilitaka kurudi Kisii mwezi huu tuweke msalaba kwenye kaburi la mume wangu. Roselyne alitaka nikae hadi Desemba nilee kitoto chake kichanga. Siku moja kabla, Fiona alinijia na karatasi, kama Bradley.

"Nyanya, nikupigie kura gani?"

"Niende nyumbani, mama."

Akaandika, akanikumbatia. Nami nikampigia binti yangu Milcah kule Kisii, nikamwambia aite fundi wa msalaba.

"Wanaotaka Mama aende?" Philip akauliza.

Nikainua mkono. Ukabaki peke yake hewani.

"Wanaotaka akae?"

Roselyne akainua. Fiona naye akainua, macho kwenye sahani.

"Fiona! Si uliandika niende?"

"Mama amesema ukienda, nitaacha kuogelea nibaki na mtoto."

"We Roselyne, umemnunua mtoto kwa maji?"

"Si kununua, Mama. Zamu zangu unazijua."

"Kura ni kura, Mama," Philip akasema polepole.

"Na aliyelala kule ni babako, Bwana Spika."

Nikampigia Milcah palepale. "Fundi asiningoje. Simikeni msalaba."

"Bila wewe?"

"Bila mimi."

Kichanga kikalia chumbani. Wote watatu wakanitazama. Sikuinuka. Roselyne akangoja, akangoja, mwishowe akasukuma kiti chake akaenda mwenyewe.