Dawa Aliyonibakizia Mke Mwenzangu

Mjukuu wangu tunamwita Kasuku, na ukikaa naye kidogo tu hutauliza kwa nini. Anaamka akisema, analala akisema. Mimi na yeye tunaitana mke mwenzangu, maana marehemu babu yake alimposa siku ile ile aliyozaliwa, akasema mimi nimeshachakaa, anatafuta wa kumkuna mgongo. Basi asubuhi aliyokaa kimya mezani, chai imempoa mbele yake, sikuhitaji kuambiwa kwamba tuna mgonjwa.

Nilimpapasa shingo. Chini ya taya nilikuta vivimbe kama punje za maharage, na mwili ulikuwa unachemka. Kila akimeza mate alifumba macho. Mama yake, binti yangu anayeshona sare kiwandani, alikuwa ameshatoka kwenda kazini. Nikamwombea dua fupi, nikamshika mkono, tukaenda zahanati.

Daktari wa pale ni kijana wa kuzungumza taratibu. Alimfungua mdomo, akamulika tochi, akaniita na mimi nitazame. Zile tezi mbili za pande za koo zilikuwa zimevimba mpaka zinakaribia kugusana, nyekundu, zina madoa meupe. Akasema ni mafindofindo. Akampitishia kooni kijiti chenye pamba, akaenda kupima, akarudi kunieleza kwamba mara nyingi ugonjwa huu huletwa na virusi, na hapo antibiotiki hazifanyi kitu, mtoto hupumzika na kunywa maji mpaka upite. Huu wa Kasuku ulikuwa wa bakteria. Tukapewa vidonge vya antibiotiki na vya kutuliza homa na maumivu. Asukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, ale vitu laini, na zile antibiotiki azimalize zote hata akijisikia mzima.

Sasa nyumbani kwangu tuna neno letu, kubakiza. Mume wangu alikuwa mwoka mikate, akirudi wakati sisi tumeshakula, na bakuli lake lenye kifuniko halikukosa fungu hata siku moja. Alipofariki bakuli nililitunza kabatini, ila kubakiza sikuweza kuacha. Mpaka leo hakuna anayekomba chungu kwangu. Unakula, unabakiza kwa ajili ya ambaye hajapata. Kasuku alianza kubakiza kabla hajajua kufunga viatu.

Kidonge nilimwekea kiganjani mwenyewe. Alikuwa anatoka nacho uani pamoja na kikombe cha maji ya chumvi, namsikia anavyosukutua kama bomba bovu, kisha anarudi kuniambia, tayari, mke mwenzangu. Homa ikashuka. Sauti ikarudi, na maswali yake yote nyuma yake. Nikamshukuru Mungu, nikajua tumevuka.

Hatukuwa tumevuka. Haukupita muda mrefu, akanyamaza tena.

Daktari alimulika, akakunja uso, akaniuliza kama dawa zilikwisha. Nikamwambia nimempa kwa mkono wangu huu. Akasema kama ni hivyo, basi dawa imeshindwa, itabidi tuende hospitali kubwa, na ugonjwa ukiendelea kujirudia rudia huenda wakafikiria kuzikata hizo tezi. Akaongeza kwamba bakteria hawa wasipotibiwa sawasawa wanaweza baadaye kumletea mtoto maradhi ya viungo, na hata ya moyo.

Moyo ndio ulionichukulia mume wangu. Nikashika ukingo wa benchi, nikamtaja Mungu kimoyomoyo, kisha nikamtazama Kasuku. Mtoto mgonjwa humtazama daktari. Huyu alikuwa anatazama ndara zangu.

"Mke mwenzangu," nikamwambia polepole, "vile vidonge ulivimeza vyote?"

Akatikisa kichwa.

"Vingine nimekubakizia," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Na wewe koo linakuuma. Ukisali na kuimba sauti haitoki. Na daktari hakukupa kitu."

"Umeviweka wapi?"

"Kwenye bakuli la babu."

Daktari akageukia dirishani, akawa anakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Mimi nilitaka kugomba, nikajikuta namfuta jasho shingoni.

Daktari akachuchumaa mbele ya mtoto. Akamwambia chakula abakize tu, ni vizuri, lakini dawa hii ni kama kufukuza panya ghalani, ukiwafukuza nusu ukaenda kulala, waliobaki wanazaa. Na dawa ya mtu ni ya mtu huyo na ugonjwa wake.

"Basi mpime na bibi," Kasuku akasema.

Na umri wangu wote nikakaa pale nikafungua mdomo. Daktari akasema ni mafua, ninywe maji na nipunguze kuwaimbia majirani. Kasuku akauliza kama sina mafindofindo. Sina. Kwa hiyo hata angenibakizia vyote visingenisaidia? Hata kimoja. Akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

Tulianza dawa upya. Vile vya kwenye bakuli, vingine vimeshalainika kwa unyevu, nilivirudisha zahanati. Binti yangu nilipomsimulia alicheka mpaka akaegemea mlango, kisha akamvuta mwanawe kifuani.

Tangu siku hiyo kidonge kinamezwa mbele yangu, mdomo unafunguliwa, ulimi unainuliwa. Alipomeza cha mwisho koo lilikuwa safi, vivimbe vimenywea, na ile "aaa" aliivuta mpaka jirani akauliza kupitia ukutani tumemkanyaga nani.

"Fungua tena," nikamwambia.

"Si umeshaona hakipo?"

Nilikuwa nimeona. Nilitaka tu kuisikia tena sauti yake.