Pardon ya Karakana

Asubuhi hiyo Floribert alikuwa akipuliza rangi ya buluu kwenye bampa mpya ya plastiki, katika karakana ya Octave kule mtaa wa Panda, shati lake limetundikwa msumarini kwa ajili ya joto. Mgongo wake ulikuwa umebambuka vipande vipande: nyeupe ya lulu begani, nyekundu ya teksi chini ya mbavu, na kiunoni malengelenge ya rangi ya fedha. Wapita njia walimsalimu, wakaenda zao.

Mambo yenyewe yalianza kwa ubahili. Bampa hizi hutoka kiwandani na mafuta. Usipoziosha kwa sabuni, kuzipiga msasa na kuzipaka kwanza dawa ya kushikisha rangi, rangi hutoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Floribert alilijua hilo, na Octave alilijua pia. Lakini Octave ana mkono wa birika.

"Paka tu hivyo," alisema. "Motoka itatoka hapa inang'aa. Ya mbele ni ya Mungu."

Muuguzi mmoja, Mama Laure, alikuwa wa kwanza kurudi na bampa iliyobambuka baada ya kuoshwa mara moja tu. Octave alimsukuma mbele fundi wake wa rangi. Floribert akaomba pardon, yaani msamaha, kama angefanya mtu yeyote aliyelelewa vizuri. Rangi ikarudi kwenye bampa, laini, bila alama, na bega la Floribert likabambuka badala yake. Mama Laure akashukuru, akasema karakana nyingine hazina huduma kama hiyo, akawahi zamu yake.

Tangu hapo Octave hakununua tena ile dawa. Yeye mwenyewe neno pardon halikuwahi kumtoka kinywani, hata alipomkanyaga mtu kanisani.

Jioni Mathilde, mke wa Floribert, alimpaka mumewe mafuta ya mawese mgongoni, akamsihi aache kazi hiyo. Floribert alijikaza kisabuni. Kubambuka ni ngozi tu, alimwambia, na ngozi huota. Alichokiogopa ni nyufa. Siku moja mtu angeleta bampa iliyopasuka, na hapo hakujua mwili wa binadamu ungefanya nini.

Basi siku hiyo ya rangi ya buluu akaingia Monsieur Ghislain, mnunuzi wa mawe ya shaba, akipiga honi kana kwamba karakana nzima imelala. Bampa yake ilikuwa imepasuka kutoka kwenye taa hadi kwenye namba. Tope jekundu lilikuwa limegandia chini yake, na ndani ya ufa limekwama jiwe la kijani, kama yale yanayochimbwa Kambove.

"Octave, angalia pare-chocs yenye mulinipakia!" alifoka. "Inapasuka yenyewe! Miye niliiacha tu ku nyumba!"

Wote walilitazama lile jiwe. Octave akaitikia kwa kichwa.

"Floribert, omba papa pardon."

"Patron, hii haiko rangi. Ni yeye alipiga majiwe kule Kambove."

"Responsabilité ni ya garage," Octave alisema kwa upole. "Na garage ni weye. Sema, ao ubebe bintu byako uende."

Mathilde alikuwa amefika mlangoni na bakuli la ugali wa bukari na mboga ya sombe, akayasikia yote. Floribert alifungua kinywa. Kabla sauti haijamtoka, Mathilde aliweka bakuli chini, akapiga goti.

"Pardon, papa."

Ufa ukatoka kwenye bampa. Ukampasua Mathilde kutoka mtulinga hadi nyonga, bila damu, na ndani yake mlikuwa na weusi kama wa plastiki. Lile jiwe la kijani lilihama nao, likakaa chini ya ubavu. Monsieur Ghislain alipitisha kiganja kwenye bampa yake, akaridhika, akawasha gari.

Floribert alikuwa ameona mengi katika karakana ile na hakuna lililomshtua, lakini hili lilimshtua. Alimshika mke wake mabega.

"Pardon, Mathilde," alisema. "Pardon. Pardon, mama."

Ufa haukusogea. Alirudia kwa kelele, hadi wachuuzi wa ng'ambo ya barabara wakageuka.

"Acha, Floribert," Octave alisema. "Pardon ile inafanya kazi ku motoka tu. Ku batu haifanye."

Kisha akamzunguka Mathilde taratibu, akiutazama ufa, akitazama na upande wa mwili wake uliobaki mzima, kama mtu anayekagua bampa mpya.

"Mama, kesho utaleta tena chakula?"

"Ndiyo, patron," Mathilde alijibu, akapandisha kitenge chake hadi shingoni, akaanza kupakua.